Jinsi ya kufuatilia elimu ya jamii ndogo kwa namba: tujifunze kwa Wakrii wa Kanada, alafu tuifanye hapa Lamu

Vikao vya maoni ya wananchi hapa Amu, wakishafika kwa elimu na basari, utasikia huyu anasema elimu imepanda na yule anasema imeshuka, na wote wawili wameshika karatasi yenye namba, na hapo ndo mazungumzo hufa manake hakuna anayeuliza hiyo namba imetoka wapi, imehesabu nani, na imelinganishwa na nini. Naandika hii kwa wale wanaokaa kwenye hizo kamati, walimu, vijana wa makundi ya Faza, Kizingitini, Kiunga, Hindi, Witu, na yeyote mwenye simu inayofungua faili la Excel. Kazi yenyewe yataka subira kuliko yataka digrii.

Mfano nautoa mbali, kwa Wakrii, wenyeji asilia wa Kanada (kwenye tovuti watafute kwa jina Cree). Ni zaidi ya laki tatu, wametapakaa kuanzia Alberta mpaka Quebec, na mambo yao yanafanana na yetu mpaka inauma. Wale wa Quebec kaskazini, kwenye nchi wanayoiita Eeyou Istchee, wako vijiji tisa na wanakaribia watu elfu 20, yani ukubwa wa Lamu Mashariki kitu kama hicho, maji huku na msitu kule. Mwaka 1971 serikali ya Quebec ikatangaza mradi mkubwa wa umeme wa maji kwenye mito yao bila kuwauliza, wakaenda mahakamani, 1973 jaji akawapa amri ya kusimamisha mradi, amri yenyewe haikudumu lakini iliwapa nguvu ya kukaa mezani, na 1975 wakatia saini mkataba. Ndani ya mkataba ule sura ya 16 yote ni ya elimu ya Wakrii. Kutoka hapo ikazaliwa bodi yao ya shule mwaka 1978, inayosimamiwa na wao wenyewe. Sisi tuna bandari Kililana, wavuvi wetu walienda mahakamani na 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7, na mimi kila nikisoma ile sura ya 16 najiuliza shule zetu ziko sura gani ya LAPSSET, mradi mkubwa wenye hiyo bandari. Haya, tuingie kazini.

Kwanza jua historia, alafu ndo ufungue jedwali

Ukifungua takwimu bila kujua watu walipitia nini utatoa hitimisho la kitoto, utasema hawa hawapendi shule. Wakrii na wenyeji wengine wa Kanada kwa zaidi ya miaka mia moja walichukuliwa watoto wao wakapelekwa shule za bweni za serikali na makanisa, zaidi ya watoto 150,000 kwa jumla, wakikatazwa lugha yao, wengi wakipigwa na kudhulumiwa, wengine hawakurudi. Mojawapo ilikuwa St. Anne's pale Fort Albany, kwa Wakrii wa pwani ya James Bay, ilifungwa miaka ya 1970. Shule za namna hii zilidumu mpaka miaka ya 1990. Mwaka 2008 waziri mkuu Stephen Harper akaomba radhi bungeni, na 2015 tume ya ukweli ikatoa ripoti yake. Sasa mzazi aliyeteswa darasani, utamwambia nini kuhusu umuhimu wa darasa?

Na jua pia walivyojitoa. 1970 wazazi wa Blue Quills kule Alberta, Wakrii na majirani zao, walikalia jengo la shule wakakataa kutoka mpaka wakaachiwa waiendeshe wao, na leo pale ni chuo kikuu. 1972 chama cha kitaifa cha wenyeji kikaandika msimamo kwamba elimu ya wenyeji isimamiwe na wenyeji. 2018 jamii nne za Wakrii wa Maskwacis wakaunganisha shule zao chini ya tume moja yao. Andika hii miaka pembeni kwenye daftari lako, utaihitaji sana tukifika kwa umri.

Uliza namba imehesabu nani

Sensa ya Kanada hufanywa kila miaka mitano na shirika la Statistics Canada, majedwali yote ni bure unadaunlodi tu. Utakutana na namba inayopendwa sana: 2021 wenyeji asilia wa miaka 25 hadi 64 wenye cheti chochote cha baada ya sekondari walikuwa asilimia 49.2, na wasio wenyeji asilimia 68. Mtu ataichukua hiyo 49.2 aseme ni ya Wakrii. Hapana. Hiyo ni ya wenyeji wote kwa pamoja, wako Mataifa ya Kwanza ambamo Wakrii wamo, wako Métis (wazao wa wenyeji na Wazungu) ambao wamepita nusu, na wako Inuit (wenyeji wa kaskazini kabisa) ambao ni kama theluthi tu. Ukitaka Wakrii, tafuta jedwali la Wakrii, au chukua vijiji vyao kimoja kimoja kwenye wasifu wa sensa kwa eneo, Chisasibi, Mistissini, Waskaganish, Waswanipi, ujumlishe mwenyewe.

Tena hata ukipata Wakrii peke yao bado wamegawanyika, wako wanaoishi kwenye rizavu, ile ardhi iliyotengewa jamii, na wako wa mijini Winnipeg, Edmonton, Saskatoon. Wa mijini huwa juu zaidi kimasomo, na sababu moja kubwa ni kwamba anayetaka chuo lazima ahame, na akishapata cheti mara nyingi kazi iko huko huko. Kwahivo kijiji kinaweza kusomesha watoto wake vizuri sana na jedwali la kijiji lisionyeshe kitu. Hii jambo naomba uishike sana kwa sababu Lamu ni hivo hivo, kijana wa Ndau akimaliza chuo Mombasa na akabaki Mombasa, sensa imemhesabu Mombasa manake Kenya huhesabu pale ulipolala usiku ule.

Pia kuna vijiji havimo kabisa. Sensa ya 2016 rizavu 14 hazikuhesabiwa kikamilifu, na 2021 zikawa 63, mwaka wa korona na moto wa misitu, na kwengine jamii zenyewe zilikataa. Ukilinganisha 2016 na 2021 bila kuangalia ni vijiji gani vimetoka ndani ya jumla, utakuwa unalinganisha watu tofauti ukidhani ni wale wale. Dawa yake: tengeneza orodha ya vijiji vilivyo kwenye sensa zote mbili, vyengine vyote toa, alafu ndo upige hesabu.

Na kuna hii nyengine ambayo wengi hawaijui, Kanada mtu anajitaja mwenyewe kwamba yeye ni mwenyeji, na kila sensa wanaongezeka watu ambao sensa iliyopita hawakujitaja. Wengi wao ni wa mjini wenye masomo. Kwahivo sehemu ya kupanda kwa asilimia ni watu wapya kuingia kwenye hesabu, hakuna mtoto yeyote aliyesoma zaidi. Kwa sababu hiyo mimi naamini zaidi namba za vijiji kuliko za taifa zima.

Cheti gani, na swali gani

Soma swali lenyewe lilivyoulizwa. Kuna swali la umefika darasa gani na kuna swali la umepata cheti gani, na hayo mawili hutoa majibu mbali mbali. Kanada wanauliza cheti cha juu kabisa ulichonacho. Mtu alosoma chuo miaka miwili akatoka bila karatasi anahesabiwa wa sekondari.

Alafu usikimbilie digrii peke yake. Wenyeji wenye digrii walitoka asilimia 10.9 mwaka 2016 wakafika 12.9 mwaka 2021, hiyo ni pointi mbili, na wasio wenyeji nao walipanda kwa pointi zaidi, kwahivo pengo la digrii limepanuka ijapokuwa wote wamepanda. Mtu akikwambia wamepanda asilimia 18 anasema kweli pia, manake mbili ni kama asilimia 18 ya 10.9, ndo uone vile namba moja inavyoweza kuvalishwa nguo mbili. Lakini ukiangalia vyeti vya ufundi, useremala, umeme, uchomeleaji, pengo pale ni dogo sana, Wakrii wanaume wengi wako hapo. Anayetazama digrii tu anawafuta mafundi wote hao.

Quebec pia wana mfumo wao, sekondari inaisha mwaka wa 11 alafu kuna chuo cha kati kabla ya chuo kikuu, na Ontario au Alberta sekondari inaenda mpaka 12. Mkrii wa Chisasibi na Mkrii wa Attawapiskat wote wana "cheti cha sekondari" lakini miaka waliyokaa darasani si sawa. Andika tu pembeni, usilazimishe kuwalinganisha mwaka kwa mwaka.

Umri, hapa ndo kazi yenyewe iko

Ukitaka kujua kama elimu inapanda usiangalie watu wazima wote kwa pamoja. Gawanya. Chukua wa 55 hadi 64 na wa 25 hadi 34 kwenye sensa ile ile moja, uwaweke ubavu kwa ubavu. Wa 55 hadi 64 mwaka 2021 wamezaliwa kama 1957 mpaka 1966, yani walisoma wakati wa shule za bweni. Wa 25 hadi 34 wamezaliwa kama 1987 mpaka 1996, wamesoma wakati bodi za Wakrii zishaanza. Tofauti baina yao ndo mwendo wa elimu, na hapo hutegemei sensa mbili zenye maswali tofauti. Wanawake na wanaume pia tenganisha, kwa Wakrii wanawake wametangulia, na kwa jamii nyingi sahii ni hivo.

Wa 20 hadi 24 usiwatumie kwa chuo. Wenyeji wengi humaliza kwa kuchelewa, mtu anaacha, anazaa, anafanya kazi, alafu anarudi darasa la watu wazima akiwa na 27. Ukimpima na 22 utamwandika ameshindwa na hajashindwa.

Sasa nikupe mfano wa vile umri unakufungulia siri. Attawapiskat, Wakrii wa Ontario, magharibi ya James Bay. Mwaka 1979 dizeli ilivuja chini ya shule ya msingi, watoto na walimu wakawa wanaugua miaka mingi, mwaka 2000 shule ikafungwa, watoto wakahamishiwa vyumba vya kubebeka vilivyowekwa karibu na uwanja ule ule, baridi ya huko unaijua, milango haifungi sawa. Wakaahidiwa shule mpya, haikuja. 2008 watoto wa darasa la nane, akiwemo msichana Shannen Koostachin, wakaacha safari yao ya kumaliza shule wakaenda Ottawa kumuona waziri, akawaambia hakuna shule. Shannen ili asome sekondari nzuri ikabidi ahame mamia ya kilomita kutoka kwao, na 2010 akafariki kwenye ajali ya barabarani akiwa na miaka 15. Kampeni ikaendelea kwa jina lake, Februari 2012 bunge likapitisha hoja yao bila wa kupinga, na 2014 shule mpya ikafunguliwa. Miaka kumi na nne.

Piga hesabu. Mtoto aliyekuwa na miaka sita 2000 alikuwa na 20 shule ilipofunguliwa, msingi wote ameusoma kwenye vibanda. Mwaka 2021 ana 27, yuko ndani ya kundi la 25 hadi 34. Kwahivo ukiona Attawapiskat kundi hilo liko chini usianze kuhubiri kuhusu wazazi, unaangalia dizeli ya 1979 imefika kwenye jedwali la 2021. Na shule mpya ya 2014 faida yake kwenye kundi hilo bado haijaonekana sawasawa, mtoto alieingia darasa la kwanza 2014 atafika 25 kama 2033. Takwimu za watu wazima huchelewa sana, anayezitumia kuhukumu mradi wa jana anawadhulumu watu.

Kijiji kidogo kina tabu yake. Statistics Canada huzungusha namba ziishie na 0 au 5 ili mtu asitambulike, na sehemu yenye watu wachache sana hawaitoi kabisa. Tuseme kijiji kina watu 60 wa miaka 25 hadi 34 na 20 wana cheti, hiyo ni theluthi. Wakirudi vijana watano wa chuo kikaja kuwa na 25 juu ya 65, umepanda mpaka asilimia 38, na kumbe ni boti moja ya watu imeshuka gatini. Kwa hivo vijiji vidogo viunganishe vitatu vinne vya jirani, au tumia namba za watu badala ya asilimia.

Sasa tuilete nyumbani

Kenya sensa ni kila miaka kumi, ya mwisho Agosti 2019, na KNBS, shirika letu la takwimu, wametoa vitabu vyake, cha elimu ni juzuu ya IV. Kaunti yetu ilikuwa na watu 143,920, na kati yao Lamu Mashariki ni 22,258 tu, wengine 121,662 wako Magharibi. Unaona tatizo? Mtu akisema "elimu Lamu" kwa asilimia ya kaunti, watu sita kati ya saba hapo ni wa Magharibi, Mpeketoni na Witu na Hindi na Amu mjini, Wabajuni wa visiwani na Waboni wa Basuba wamezama ndani hawaonekani. Chukua kila kaunti ndogo peke yake. Ndo ile ile ya rizavu na mjini.

Angalia kama madrasa imewekwa safu yake ama imetupwa kwa "hajasoma", manake pwani hii mtu anaweza kuwa amesoma chuo cha Qurani miaka kumi, anasoma na kuandika kwa herufi za kiarabu, na jedwali likamwita hakusoma. Mimi hilo sitanyamaza nalo. Wakrii nao wana elimu yao ya msituni, bodi yao kila majira ya kuchipua inafunga shule kama wiki mbili familia ziende kuwinda mabata bukini, wameiweka ndani ya kalenda ya shule badala ya kuwaandika watoto watoro. Watoto wetu wa Kiwayuu na Mkokoni wakati wa kuvua kamba hufanywaje? Wanaandikwa hawakuja.

Umri sasa. Masomo ya msingi ya bure yalianza 2003, kwahivo aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule amezaliwa kama 1997, na 2019 alikuwa na 22. Wa 25 hadi 34 wa sensa ya 2019 walipata nusu nusu, 2003 iliwakuta na miaka tisa mpaka kumi na nane. Kundi la kwanza la 25 hadi 34 ambalo karibu wote walianza shule bure tutaliona sensa ya 2029. Yeyote anayesema sasa kwamba elimu ya bure imesaidia au haikusaidia Lamu kwa kutumia watu wazima wa 2019, mwambie asubiri.

Na kuna watoto ambao sensa itawaona wameshazeeka. Kuanzia 2014 shule za msingi kadhaa za wadi ya Basuba zilifungwa kwa ajili ya usalama, mtoto wa Kiboni aliyekuwa na sita mwaka ule, 2029 atakuwa na 21, kundi la 25 hadi 34 ataingia sensa ya 2039. Ndo manake huwezi kungoja KNBS. Lazima uende kwa rejista.

Fanya hivi. Nenda kwa mwalimu mkuu, kwa heshima, na barua ya kamati, umuombe idadi tu ya watoto, majina hapana. Darasa la kwanza 2017 walikuwa wangapi, wasichana wangapi wavulana wangapi, gredi ya 6 mwaka 2022 walifika wangapi, gredi ya 9 mwaka 2025 wangapi, na 2026 walioripoti sinia skuli (gredi ya 10) wangapi. Hawa ni wale wale, kundi la kwanza la mtaala mpya, wanafuatika vizuri. Muulize pia wangapi walihamia na wangapi walihama, mtoto aliyehamishwa Malindi kwa shangazi yake hajaacha shule, na mwalimu mara nyingi anajua kwa kichwa nani ameolewa, nani yuko baharini, nani yuko Mombasa. Mama za watoto wanajua zaidi. Zunguka shule zote za wadi, manake ukichukua moja utaona wamepungua na kumbe wameenda ya jirani.

Na hizo namba ni za kijiji. Wenyeji wa Kanada tangu mwisho wa miaka ya 1990 wana kanuni yao inaitwa OCAP: takwimu za jamii ni mali ya jamii, wao ndo wanaziongoza, wanazifikia na wanazihifadhi. Wamechoka na watafiti wanaokuja wakachukua wakaenda. Kwahivo kabla hujapeleka popote, soma matokeo mbele ya wazee na wazazi pale pale kijijini, wakikwambia hapa umekosea rekebisha, wakikwambia hili lisitoke lisitoke, na darasa likiwa na watoto watatu usiandike watatu, andika chini ya watano.

Memo utakayopeleka kwenye kikao cha maoni iwe kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza jedwali moja: mistari ni shule, safu ni miaka ile minne, chini yake umeandika chanzo cha kila namba na shule zipi hazimo na kwa nini. Ukurasa wa pili ni miaka ya mambo yaliyotokea, shule ilifungwa lini, boti ya wanafunzi ilianza lini, walimu walihamishwa lini. Piga nakala tatu, moja ya karani wa bunge la kaunti na hakikisha ameigonga muhuri, moja ya ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, moja ibaki kijijini kwa yule mtu ambaye mwaka ujao atajaza safu ya tano.